Chapati ya Maji kwenye Tanuri la Bata

Mimi nimekaa baharini miaka miwili na nusu na bahari sijaiona. Usicheke. Watu wakisikia nilikuwa kwenye meli ya watalii, tena ya Waingereza, wanadhani nilikuwa nasimama juu kule napigwa na upepo, nimevaa miwani ya jua. Wapi! Chumba changu cha kazi kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, kina masinki matatu na mashine ya kuoshea vyombo inayonguruma kama trekta. Tumepita Misri, tumepita Bombei, tumepita Singapuri, na kote huko mimi nimeona sahani. Sahani nilizoosha mimi, ukizipanga chini moja moja, unatoka Mwanza kwa miguu unafika Kigoma hujakanyaga udongo.

Abiria walikuwa wazee wa Kiingereza, watu wa kula. Wanaamka wanakula, wanakula wakisubiri kula, halafu saa kumi inapigwa kengele wanakwenda kunywa chai na keki ili wapate nguvu ya kula jioni. Jiko lenyewe lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Huko kuna wapishi wenye kofia nyeupe ndefu kama minara, na sisi wa vyombo hatuvuki. Sisi tulikuwa tunalishwa wali na mchuzi wa samaki, Mfilipino, Mhindi na mimi Mbongo, kila siku ya Mungu. Lakini chakula cha Kiingereza nilikijua. Nakijuaje? Nimekiona kwa macho yangu, asubuhi, mchana, jioni. Na kila nilipokuwa nasugua nilikuwa najisemea: wewe, ipo siku utavaa ile kofia.

Basi meli ikazeeka, ikauzwa chuma chakavu, tukateremshwa kama mizigo. Nikasikia Guangzhou, huko China, kuna Watanzania wananunua viatu na nguo, nikaenda. Biashara siijui, shule nimeishia darasa la nne, tena nalo sikulimaliza, tuliachana njiani. Nikawa mbeba maboksi. Pale Liuhua, karibu na stesheni ya treni, maduka ya viatu yamejaa hadi unahisi Wachina wana miguu minane kila mmoja. Mimi nilikuwa nafunga maboksi ya Watanzania wenzangu na kuyabeba hadi kwa watu wa kontena. Mchana nakula kwa laoban mmoja kwenye uchochoro nyuma ya soko. Laoban ni bosi, kule kila mwenye kaduka ni laoban. Huyu wangu alikuwa anauza bata wa kuchoma. Mfupi, mwembamba, sijui kwa nini, maana mimi ningekaa na bata wale wiki moja tu ningeshindwa kupita mlangoni. Saa za wateja wengi namuoshea bakuli zake, naye ananipa wali na shingo ya bata. Unaona? Nimekimbia sinki baharini, limenifuata nchi kavu.

Mwaka wa tisini na nane, au tisini na tisa, mimi na kalenda hatuelewani vizuri, nikasikia kuna meli ya watalii ya Waingereza imeletwa bandari ya Huangpu kufanyiwa matengenezo, na inatafuta wasaidizi wa wapishi. Wapishi, umenisikia? Siyo wa vyombo. Nikaoga mara mbili, nikaazima shati, nikaenda ofisini kwa wakala wa mabaharia.

Wakala akaniuliza kwa Kiingereza, "Unajua kupika chakula cha Kiingereza?"

"Kupika?" nikamwambia. "Mimi nimempikia nahodha miaka mitano. Nikienda likizo alikuwa analia."

Akaniangalia. Kiingereza changu ni cha melini, kimejaa matusi na majina ya sabuni, lakini kinakwenda. Akasema jiko la meli limefumuliwa lote, halifanyi kazi, kwa hiyo mpishi mkuu mwenyewe anapita mjini kuwajaribu watu. Atataka nyama ya ng'ombe ya kuoka ya Jumapili na vyote vinavyoandamana nayo. Nitapikia wapi?

Mdomo ukatangulia, akili ikabaki inafunga kamba za viatu. "Kwenye mgahawa wangu," nikasema.

"Jumamosi, mchana," akaandika.

Nikatoka pale na furaha tele. Ilikuwa Jumanne. Nikifaulu, navaa kofia. Nikishindwa, narudi kubeba maboksi ya viatu hadi mgongo uwe kama mpini wa mwavuli, na ofisi ile sitakanyaga tena maana nimeshajiita mpishi wa nahodha.

Kwenye hosteli niliyokuwa nakaa alikuwepo dada mmoja wa Moshi, mfanyabiashara wa jinzi. Anakwenda Xintang kwenye viwanda, anawasimamia washonaji mwenyewe, akiona uzi umelegea anauvuta suruali yote inafumuka mbele ya bosi, na bosi anaomba radhi. Mwanamke huyo huwezi kumuuzia kitu kibovu hata ukikifunga utepe. Wiki hiyo alikuwa anasubiri mzigo wake uishe, hana la kufanya. Nikamwambia, "Dada, njoo kesho kwa laoban nikupikie chakula cha Kiingereza, unionjee."

Laoban kwanza alikataa. "Bu yao, bu yao," sitaki, sitaki. Nikamwonyesha kwa mikono, mimi, meli, kofia ndefu, fedha, nikirudi nakununulia bata elfu moja. Sijui alielewa nini. Mwisho akanipa jiko dogo la pembeni, baada ya saa nane, wateja wakipungua.

Nikapika kwa ari, ndugu yangu. Nilikumbuka kila kitu. Nikachemsha mioyo ya kabichi, midogo ya mviringo kama goroli, maana kule melini niliviona vikabichi vile kwenye kila sahani ya Jumapili. Nikakata mkate, nikachukua ile ngozi ya pembeni, nikaipanga. Nikachoma nusu nyanya mpaka ikanywea. Nikachukua mafuta ya nyama, yale meupe ya ukingoni, nikayakata vipande virefu. Pembeni nikaweka jani moja la kijani na kipande cha limau. Nikarudi nyuma nikatazama. Ilikuwa ile ile! Kama imetoka melini. Nilitaka kulia.

Dada akaitazama sahani. Akaigeuza kidogo. Akaitazama tena.

"Baharia," akasema, "huyu Mwingereza amekukosea nini?"

"Dada, usitanie, onja."

Akachukua kikabichi kimoja, akatafuna, akatema kwenye kiganja kwa adabu. Akachukua ngozi ya mkate, akaibonyeza. Akanyanyua yale mafuta kwa uma yakawa yananing'inia.

"Na hii nyama yake iko wapi?"

"Nyama gani? Ndiyo hiyo."

"Haya ni mafuta, kaka. Wazungu wale wamesafiri kutoka kwao, wamelipa, waje wale mafuta na ngozi ya mkate?"

"Mimi nimeona kwa macho yangu! Miaka miwili na nusu! Sahani elfu tatu kwa siku!"

"Ulikuwa unaziona saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Hizo sahani. Kabla hawajala au wakishakula?"

Laoban alikuwa anakata bata, tak tak tak, na ile tak tak nilikuwa naisikia ndani ya fuvu.

Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama yangu! Baharia! Wewe umepika makombo! Umekwenda sokoni, umenunua vitu vizima, ukavipika vikawa makombo!"

Na ni kweli. Nilichokuwa nakiona miaka yote ile ni kile walichokuwa hawakitaki. Chakula chenyewe walikuwa wanakila, kinaingia tumboni, mimi nakiona saa ngapi? Najua vitu vyote ambavyo Mwingereza hali. Anachokula, sijui hata kimoja.

Nikakaa juu ya ndoo. Nikasema, "Basi, imekwisha. Jumamosi nitamwambia wakala naumwa."

Dada akajifuta machozi. Alipoona sicheki, akavuta kigoda akakaa karibu. Huyu ni mtu anayefumua suruali ajue ilishonwaje, kwa hiyo akaanza kunifumua mimi. "Sikiliza. Sahani nyingine si zilikuwa zinarudi tupu?"

"Nyingi."

"Hizo tupu zilikuwa na alama gani?"

Nikafumba macho. Ajabu, nikaziona. Sahani za Jumapili zilikuwa zinarudi zimepakwa mchuzi mzito wa kahawia, umefutwa futwa kama mtu amedeki. Kwenye ukingo doa jeupe, kali, linawasha pua ukisogeza uso. Unga wa viazi vilivyokauka kwa juu. Damu kidogo ya nyama, katikati.

"Na masufuria? Masufuria si wewe pia?"

"Masufuria, trei, vyote mimi." Hapo nikaruka kwenye ndoo. "Dada! Kuna trei! Trei nyeusi, zina mashimo kumi na mawili, kila Jumapili zinaletwa hamsini, nazichukia kama ugonjwa! Zina ukoko huo, hautoki mpaka kwa kucha!"

"Ukoko wa nini?"

"Wa njano. Mlaini kwa ndani, umekauka kwa nje. Unanuka mafuta ya ng'ombe. Na mayai." Nikanusa vidole vyangu, kana kwamba bado unga umo humo. "Ngano, mayai, maziwa, mafuta ya ng'ombe ya moto sana. Hicho kitu hakijawahi kurudi kwenye sahani hata siku moja. Hata tonge."

Dada akanitazama kama mwalimu anayemwona mtoto mjinga amejibu swali. "Ngano, mayai na maziwa. Baharia, hiyo ni chapati ya maji."

"Chapati ya maji?"

"Wewe kwenu hamkuwa mnakula? Unakoroga, unamimina kwenye mafuta. Hao wanamimina kwenye mafuta ya nyama halafu wanaoka. Ndiyo siri yote ya hao wakoloni, chapati ya maji!"

Chapati za maji mimi nimezipika tangu nikiwa na urefu wa kinu. Bibi yangu alikuwa hana muda wa kukanda. Nikahisi damu inarudi miguuni.

Tatizo likawa oveni. Laoban hana oveni. Ana tanuri la bata, lile pipa refu, limekandikwa udongo kwa ndani, mkaa uko chini, na bata wananing'inia kwenye kulabu huku juu wakichuruzika mafuta. Alhamisi na Ijumaa dada na mimi tulizunguka tanuri lile kama watu wanaotaka kununua gari bovu. Mwisho nikasema, nyama itaning'inia. Kama bata ananing'inia, ng'ombe ana uheshimiwa gani?

"Na chapati?"

Hapakuwa na pa kuiweka. Tanuri halina rafu. Pa kuweka trei ni sehemu moja tu, chini ya nyama, juu ya vyuma viwili karibu na mkaa. Kwa hiyo kile kinachochuruzika kwenye nyama kingemwagikia kwenye chapati. Nilimwomba Mungu Mwingereza asione.

"Na kabichi, tuache?" nikamuuliza dada Jumamosi asubuhi.

"Weka tatu," akasema. "Apate cha kubakiza, ajione yuko kwao."

Mpishi mkuu alifika mchana na teksi, peke yake. Mtu mkubwa, tumbo limetangulia, mikono imejaa alama za kuungua toka vidole hadi kiwiko. Akasimama kwenye uchochoro akatazama bata wanaoning'inia dirishani, akatazama mimi, akatazama kibao cha Kichina.

"Huu ndio mgahawa wako?"

"Tawi," nikamwambia.

Dada akakohoa. Akamfutia kiti, akamkaribisha, akamwekea chai. Mimi nikarudi kwenye tanuri na hapo vita ikaanza. Laoban ana tabia ya kufunua mfuniko kila dakika tatu awatazame bata wake. Chapati ya maji ikipigwa na ubaridi inanywea, hilo nalijua. Kila akisogea nasimama mbele yake. Anakwenda kushoto, nakwenda kushoto. "Laoban, meiyou! Meiyou!" nikamwambia, hakuna, hakuna, ndilo neno nililolikumbuka. Anaelekeza mkono kwenye tanuri lake mwenyewe, ananiambia maneno marefu ambayo nashukuru sikuyaelewa. Jasho linanitoka kiasi ningeweza kuchemshia viazi. Na wakati nahangaika kulilinda tanuri, aligeukia sufuria yangu ya mchuzi, akamimina sosi ya soya na kutupia kitu kama nyota kavu, akakoroga, akaondoka ameridhika.

Nikafunua. Nyama imekuwa kahawia, inang'aa. Na chini yake, nakuapia, ile chapati ilikuwa imefura imekuwa kama mto wa hotelini. Imepanda pembe nne, ya dhahabu, katikati kuna kidimbwi cha mafuta ya nyama kinachemka. Hata laoban alisogea atazame.

Nikakata nyama, viazi, kipande kikubwa cha chapati, mchuzi juu, vikabichi vitatu. Nikampelekea mwenyewe. Nikasimama pembeni, mikono nyuma, moyo unapiga hadi kifungo cha shati kinacheza.

Akaonja mchuzi kwanza. Akakunja uso. "Humu kuna dawa ya kikohozi?"

"Ni viungo vya hapa," nikasema.

"Viondoe." Akala nyama. Akatafuna. Akakata kiazi, akatikisa kichwa kidogo, sikujua ni ndiyo au hapana. Halafu akakata chapati. Akatia mdomoni.

Akaacha kutafuna. Nikajua imeingia majivu.

Akatafuna tena, taratibu. Akainama akatazama ile chapati kwa karibu, akaigeuza, akanusa. "Uliiweka wapi hii? Ulipokuwa unaoka."

Nikaona sina ujanja. "Chini ya nyama. Samahani. Hapakuwa na nafasi."

"Mafuta yalikuwa yanadondokea humu?"

"Kidogo tu. Kidogo sana." Yalikuwa yanadondoka kama mvua ya masika.

Akaweka uma chini. "Bibi yangu alikuwa anafanya hivi," akasema. "Nyama inazunguka mbele ya moto wa makaa, trei iko chini yake. Siku hizi hakuna anayefanya. Melini zinakuja kwenye boksi zimeganda, tunazipasha." Akachukua uma, akala kipande chote. Akaomba kingine. Akala. Mchuzi wa dawa ya kikohozi aliufuta wote. Vikabichi vitatu akavisogeza ukingoni mwa sahani, akaviacha. Dada akanikanyaga mguu nusura nipige kelele.

Kisha akajifuta mdomo, akatoa karatasi kwenye begi. "Nani alikufundisha?"

Hapo nilikuwa na uongo umeshaiva. Nilikuwa nimeutunga usiku kucha, una nahodha ndani yake, una dhoruba, una malkia mmoja. Nikamtazama yule mtu na mikono yake iliyoungua. Halafu nikamwangalia dada, naye ametulia ananitazama kama anatazama mshono. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona ukweli una utamu kuliko uongo wangu.

"Hakuna," nikamwambia. "Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nimejifunza kwenye ukoko." Nikamweleza yote, trei nyeusi za mashimo kumi na mawili, kucha zangu, sahani zinazorudi, na yale makombo niliyoyapika Jumatano.

Akacheka hadi meza ikasogea. Alicheka mpaka wateja wa bata wakaanza kucheka naye bila kujua sababu. "Ngozi ya mkate!" akawa anasema. "Na mafuta!" Kisha akatulia, akatazama sahani yake, akaona vile vikabichi vitatu, akaanza upya.

"Sikiliza," akasema alipopata pumzi. "Kupika hujui. Mchuzi wako ni wa hospitali. Lakini nina wapishi kumi na wanne, hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia abiria wanaacha nini na kwa nini. Wewe unajua. Na mkono wako unajua moto. Utaanza kifungua kinywa, msaidizi, miezi mitatu ya majaribio. Nitakufundisha mwenyewe. Ukiunguza soseji zangu, unarudi kwenye sinki."

"Sitaunguza hata moja," nikasema.

"Utaunguza," akasema. "Nitahesabu."

Akasogeza karatasi. Kuandika Kiingereza siwezi, kwa hiyo dada akachukua kalamu, awe ananisomea na kunijazia. Jina, nikasema. Nchi, nikasema. Umri, nikapunguza kidogo, mazoea. Akafika mstari mmoja akasita, akanisomea kwa Kiswahili, sauti ya chini:

"Uzoefu wa kupika chakula cha Kiingereza. Tangu lini?"

Mpishi mkuu alikuwa anakatakata chapati iliyobaki, anaifunga kwenye gazeti la Kichina aondoke nayo. Mdomo wangu ukafunguka kwenda kwa nahodha, nikaushika njiani.

"Andika," nikamwambia, "tangu saa nne asubuhi ya leo."

Akaandika. Jumatatu nikapanda gari la Huangpu.